Nilikata Shukrani Nikabakiza "Ila"

Kuna mwalimu mkuu mmoja hapa Birmingham amepoteza kazi, na aliyempotezea ni mimi. Siyo serikali. Serikali ilitia sahihi tu. Maneno niliipa mimi.

Najua mtasema najikweza. Msichana wa kulisha wazee uji kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Tyseley, ambaye hata miaka ishirini na tano sijafikisha, nimwondoe mwalimu mkuu? Jamani, hata mimi ningependa nisiwe na uwezo huo! Jina langu nalificha kwa sababu mtaa wetu wa Nechells ni mdogo na shangazi yangu ana presha. Mengine yote nasema.

Kwanza niwaambie ugonjwa wangu. Siwezi kukosea mbele za watu. Meseji ya "nimefika salama" naiandika, naifuta, naiandika tena. Nilipokuja kutoka Morogoro kuishi kwa shangazi, Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Sikuingia darasa lolote. Nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, video baada ya video, mpaka wazee ninaowatunza wakaanza kuniuliza nilisoma chuo gani. Nilikuwa nacheka kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wenyewe nilikuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo.

Shangazi ni muuguzi na zamu zake hazitabiriki, kwa hiyo binti yake mdogo nilikuwa nampeleka shule mimi. Shule ya msingi ya matofali mekundu, nyuma ya maghala, paa linavuja pale mnapopita kwenda ukumbini. Akina mama wanaozungumza Kiswahili tulikuwa tunajuana pale getini: Watanzania, Wakenya, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake, na kila mmoja akiamini cha mwenzake ndicho kilichopinda.

Mwalimu mkuu, nitamwita Bi. Hollis, alitupa chumba kimoja karibu na jiko. Kila Ijumaa akina mama wanakaa humo, wanakunywa chai, wanaulizana barua hii ya hospitali inasema nini. Bi. Hollis mwenyewe anaingia, anakaa, anakula maandazi, anasikiliza lugha asiyoijua huku akitikisa kichwa kama anaijua.

Na ukweli usemwe: matokeo ya shule yalikuwa mabaya. Wakaguzi walikuja wakaipa alama ya chini, wakarudi wakaipa ya chini tena. Hapa Uingereza shule ikifika hapo, serikali inaweza kuiondoa bodi yote ya shule ikaweka bodi ya muda ya watu wake. Hao ndio wanaoamua mwalimu mkuu abaki au aende. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Bodi ya zamani ikaondoka, bodi ya muda ikaingia, na mwenyekiti wake alikuwa bwana mmoja mpole, mrefu, haachi kishkwambi chake mkononi hata akinywa chai. Bi Zuhura akampa jina siku ya kwanza: Bwana Kishkwambi.

Huyu Bi Zuhura ni mama wa Kizanzibari, mtu mzima, binti yake Salma yuko darasa la mwisho pale pale. Ukimwamkia shikamoo nusu nusu atakurudisha uanze upya.

Bwana Kishkwambi akasema kabla ya kuamua lolote kuhusu Bi. Hollis anataka kuwasikia wazazi wenyewe. Akauliza kama kuna anayeweza kuwatafsiria akina mama wa Kiswahili, au shule itafute mkalimani wa kulipwa. Mkono wangu ulikuwa juu hajamaliza sentensi.

Ole wangu! Laiti ningekuwa na zamu siku ile!

Nilijiandaa kama naenda kuolewa. Niliangalia video za mikutano ya bodi za shule wakati wa mapumziko kazini, nikiwa nimejificha chumba cha kufulia. Nikakariri maneno: uwajibikaji, uwezo wa uongozi, mawasiliano na wazazi. Kwenye video moja kijana mmoja aliyevaa tai alisema Mwingereza mpe hoja, mengine yote ni mapambo. Nikaliweka hilo moyoni kama aya.

Sasa mnajua sisi tunavyozungumza kwenye vikao. Mtu hasimami akasema jambo moja akakaa. Anasalimia, anauliza hali, anashukuru, anashukuru tena. Na mwisho kabisa, kwa kuwa anaona haya kukaa chini bila kuchangia kitu, anatafuta ka-"ila tu" kadogo anakatia pale.

Tulikaa kwenye chumba chetu cha Ijumaa. Bi. Hollis hakuruhusiwa kuwepo. Bi Zuhura akaanza.

"Bwana, karibu sana. Habari za kwenu? Watoto hawajambo? Sisi alhamdulillahi. Mimi namshukuru Mungu kwa shule hii. Nilipofika hapa nilikuwa nakaa ndani kama fenicha. Yule mwalimu mkuu alinijia mlangoni mwenyewe, akanishika mkono, akanileta kwenye chumba hiki. Salma wangu alikuwa hajui kusoma, leo ananisomea mimi dozi ya dawa zangu. Namshukuru sana, sana. Sina la kumlipa. Ila tu, kama inawezekana, lile geti wanalifunga mapema kidogo, nikichelewa namkuta mtoto kasimama mvuani."

Akakaa, amefurahi.

Bwana Kishkwambi akanigeukia. Na mimi, nikiwa nimenyoosha mgongo, nikamwambia kwa Kiingereza kilichopigwa pasi: "Mzazi ana wasiwasi kuhusu usalama wa watoto wakati wa kutoka shuleni."

Basi! Hayo tu! Salamu niliona ni za kumpotezea muda. Shukrani niliona ni adabu, na adabu hainukuliwi. Nilikuwa naona aibu, nisiwafiche. Nilikuwa naona mama zangu wanazunguka, wanarudiarudia, na mimi ndiye wa kuwanyoosha waonekane watu wa maana.

Bi Zuhura akanitazama. "Mwanangu, mbona fupi?"

"Kiingereza ni kifupi, Bi Zuhura."

"Aa," akasema. "Ndiyo maana hawana stori."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Wengine wakafuata, nikawanyoosha wote. Halafu akaja Mama Merveille.

Mama Merveille ni Mkongo, anasafisha maofisi. Binti yake Merveille alikuwa na miaka saba na tangu wafike nchi hii alikuwa haongei shuleni. Neno moja hasemi. Walimu wengine walishakata tamaa naye. Bi. Hollis ndiye aliyekuwa akienda kukaa naye chini ya meza, kila siku, mtu mzima na sketi yake, wakichora paka. Mpaka siku moja mtoto akamnong'oneza kuwa paka hana masharubu.

"Mutoto yangu hakukuwa anasemaka," Mama Merveille akaanza, na sauti ikamkatika hapo hapo. "Ule mama alikuwa anaikalaka naye chini ya meza. Chini, Papa! Mama mukubwa vile! Miye niko namuombea kila siku. Musimutoshe ku kazi, Papa. Mukimutosha, mutoto yangu atarudi kunyamaza." Akalia. Akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani, akaona haya kwa kulia mbele ya mgeni, akatafuta la kumalizia. "Ila choo ya batoto inanuka kidogo. Merci."

Bwana Kishkwambi amesogea mbele kwenye kiti, uso umemlegea. Akaniuliza taratibu, "Amesema nini?"

Hapo, wapendwa, ndipo nilipokosea. Yale ya kwanza ningeweza kusamehewa kwa ujinga. Hapo nilijua. Nilijua kabisa kuwa yule mama ameomba. Lakini kama ningesema "ameomba msimtoe mwalimu mkuu," angeniuliza mbona wale wa kwanza sikusema hivyo. Ingebidi nirudi nyuma, niseme samahani, niliwakatia maneno, tuanze upya. Kusahihishwa mbele za watu!

Nikasema, "Anazungumzia hali ya usafi wa vyoo."

Bwana akamtazama Mama Merveille, akanitazama mimi. "Analia kwa ajili ya vyoo?"

"Ni jambo linalomgusa sana," nikasema.

Mungu wangu, nisamehe! Yule bwana alitikisa kichwa kwa huzuni, akaandika kwenye kishkwambi, na nadhani aliviwazia vyoo vile mambo mabaya sana.

Mwisho akaniomba nijumlishe. Nikajumlisha! Nikasema wazazi wanaona kuna tatizo la usalama, la usafi, na la mawasiliano ya uongozi. Hilo la uongozi hakuna mama aliyelitaja. Niliona tu mawili hayakai vizuri, yanataka la tatu.

"Umeeleza vizuri mno," akaniambia mlangoni. "Ningetamani kila mkutano uwe na mtu kama wewe."

Nilitembea mpaka nyumbani sikuhisi baridi. Shangazi alikuwa anavaa viatu vya kazini, akaniuliza imekwendaje. Nikamwambia, wamesema nimeeleza vizuri mno. Akanikumbatia. Akasema, "Baba yako angekuona!"

Wakatuita tena baada ya wiki chache, wazazi wote, ukumbini. Bi. Hollis alikuwa amekaa mbele, pembeni, mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kuchukuliwa. Nikapewa kiti na akina mama wangu ili niwatafsirie.

Bwana Kishkwambi akasimama. Akasema anamshukuru sana Bi. Hollis. Akamshukuru kwa miaka yake ya utumishi, kwa moyo wake, kwa upendo wake kwa watoto. Akamshukuru tena. Na mimi nilishaijua njia hiyo inakoelekea. Kumbe na wao wanayo! Kumbe Waingereza nao wana shukrani ndefu na wana "ila" yao! Tofauti ni moja tu: kwetu shukrani ndiyo neno na ila ndiyo adabu, kwao shukrani ndiyo adabu na ila ndiyo neno. Hilo kijana wa tai hakulisema kwenye video yake.

"Hata hivyo," akasema Bwana Kishkwambi, "tumewasikiliza wazazi. Wazazi wenyewe wametueleza wasiwasi wao kuhusu usalama, usafi na uongozi. Kwa hiyo Bi. Hollis ataachia nafasi yake."

Hapa hakuna anayefukuzwa, mnajua. Mtu "anaachia nafasi."

Bi Zuhura akanigonga goti. "Kasema nini?"

Ilinibidi nitafsiri! Maneno yangu mwenyewe, niliyoyatoa kwenye Kiswahili chao nikayapiga pasi, sasa niwarudishie wenyewe! Nikasema kwa sauti ndogo, "Anasema wazazi walilalamika, kwa hiyo anaondoka."

"Wazazi gani hao?" Bi Zuhura akauliza kwa ukali. "Wenye roho mbaya hao ni nani?"

"Wengine," nikasema. "Siyo sisi."

Mama Merveille alikuwa anamtazama Bi. Hollis, na Bi. Hollis akamwona, akampungia vidole viwili. Halafu akatutazama sote, akina mama wa Ijumaa, macho yake yakiuliza jambo ambalo mdomo haukuweza. Nilijifanya naokota kalamu.

Mnafikiri niliadhibiwa? Nilipandishwa cheo! Bodi ya muda ilitaka mtu wa kuwakilisha sauti ya wazazi, na sauti ya wazazi, kwa kauli moja, ikawa mimi. Nikapewa beji. Nikakaa upande wa pili wa meza, nikala biskuti zao, nikasema "uwajibikaji" mbele ya watu wanaojua maana yake. Shangazi alituma picha Morogoro.

Mkuu mpya alikuja na suti nzuri na mipango mizuri. Nisimsingizie, paa liliezekwa. Vyoo, kwa sababu ya machozi ya Mama Merveille, vilijengwa upya vyote, vina mwanga unaowaka wenyewe, ni vyoo vya kupigia picha. Geti likawekewa mlinzi, linafungwa mapema kuliko zamani. Chumba chetu cha Ijumaa kikawa chumba cha takwimu. Na ikawekwa sheria ya korido za kimya: mtoto akitoka darasani hasemi mpaka afike anakokwenda, na anayetulia kuliko wote anapewa stika ya dhahabu kila Ijumaa.

Niliipigia kura sheria hiyo. Iliandikwa vizuri sana.

Ijumaa moja nimesimama getini nasubiri binamu yangu, akaja Mama Merveille, amemshika binti yake mkono. Kwenye sweta ya mtoto kuna stika ya dhahabu inang'aa. Mama yake amejaa furaha, hajawahi kuona mwanawe akipewa kitu shuleni.

"Dada," akaniambia, "unisomee. Inasema nini?"

Nikasoma. Nikasoma tena. Kwa mara ya kwanza tangu nijue Kiingereza, nilitamani nisikijue.

"Inasema," nikamwambia, "mwanafunzi mtulivu kuliko wote."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kidogo, kama taa iliyosahauliwa. Kisha likazima. "Benye wanaandika hii," akasema polepole, "hawajue kama hasemake?"

Sikuweza tena. Pale pale getini, na mlinzi anatusikia, niliyatapika yote. Chumba, machozi, vyoo, "wengine, siyo sisi." Bi Zuhura alikuwa amefika na Salma wake, akasikia kuanzia katikati, akanilazimisha nirudie kuanzia mwanzo. Mama Merveille hakunipiga, hakunitukana. Alibandua ile stika kwenye sweta ya mwanawe, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, wakaondoka.

Bi Zuhura alibaki. "Salamu zangu," akasema. "Nilimsalimia yule bwana, nikamwulizia na watoto wake. Hizo nazo ulizitupa?"

"Nilizifupisha, Bi Zuhura."

"Umeshaona mtu anafupisha dua?"

Niliifunika beji yangu kwa kiganja.

"Yule mama tulimlia maandazi yake miaka," akaendelea, na nikajua ana hasira kweli, maana maandazi alikuwa analeta yeye mwenyewe, siyo Bi. Hollis. "Sasa anatuona sisi ndio tuliomchoma kisu. Na hata kumwambia siyo sisi, tunamwambia kwa mdomo wa nani? Wako?"

Nilikwenda kwa Bwana Kishkwambi kujirekebisha. Nilijitahidi! Nikamwambia niliwatafsiri vibaya, wazazi walikuwa wanamshukuru Bi. Hollis, na walikuwa wanaomba abaki. Alinisikiliza kwa upole wake ule ule. Akasema ananishukuru sana kwa ujasiri wangu. Akasema kusema ukweli namna hii ni ishara ya utamaduni mpya wa uwazi shuleni. Ila, kwa bahati mbaya, uamuzi ulikwisha kutolewa. Kwenye kikao kilichofuata uwazi wangu ulitajwa kama moja ya mafanikio ya bodi. Watu walipiga makofi.

Akina mama hawakunitaka tena niwatafsirie. Waliomba kikao chao wenyewe na bodi, na mkalimani wakaja naye: Salma. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, mwenye lafudhi ya Birmingham nzito kama uji. Na huyo Salma, jamani, hakati kitu! Bi Zuhura akisema habari za kwenu, Salma anasema habari za kwenu. Akiulizia watoto, Salma anaulizia watoto. Bi Zuhura akakohoa, Salma akawaeleza kuwa mama ana kifua tangu Jumatatu. Bwana Kishkwambi alianza kutazama saa, kisha akaacha. Mimi, nimekaa upande wa bodi na beji yangu, kwa mara ya kwanza nilimwona amekiweka kishkwambi chini.

Bi Zuhura alisema yote ya siku ile, moja baada ya jingine, kama aliyekuwa ameyatunza kabatini. Akamwelezea Bi. Hollis mlangoni kwake. Akaomba chumba kirudishwe. Akaomba Merveille apate mtu wa kukaa naye chini ya meza. Akamwambia bwana yule kuwa sisi hatukumlalamikia yule mama, na kwamba amwambie hivyo, kwa mdomo wake mwenyewe. Salma akayasema yote, na mtu mmoja wa bodi akavua miwani akaifuta.

Kisha Bi Zuhura akaanza kushukuru. Akamshukuru bwana kwa muda wake, akamshukuru mlinzi wa geti, akamshukuru aliyejenga vyoo. Halafu akageuka upande wangu.

"Na namshukuru huyu binti," akasema. "Mtoto wa wenyewe. Amejifundisha lugha ya watu peke yake, hana mwalimu. Anaamka alfajiri anawaogesha wazee wasio ndugu zake. Anampeleka mtoto wa shangazi yake shule mvua ikinyesha. Namshukuru sana."

Salma akatafsiri kila neno, macho yake kwangu.

Nilikaza mwili, nikasubiri. Ilikuwa inakuja, nilijua. Nilikuwa nimeistahili. Nilikuwa tayari hata kuitafsiri mwenyewe.

Bi Zuhura akakaa chini. Akafunga pochi yake.

Haikuja.

Chumba kimerudi, asubuhi moja kwa wiki. Merveille ameletewa msichana wa kukaa naye; bado hajamnong'oneza kitu. Bi. Hollis sijui kama aliambiwa kuwa siyo sisi. Beji nimeirudisha, na bodi imenishukuru.

Ndugu yangu unayesoma hapa, wewe ambaye nyumbani kwenu ndiye unayejua Kiingereza, unayekwenda na mama hospitalini, na jirani kwa mwanasheria, na shangazi shuleni: wasemee yote. Wakisalimia, salimia. Wakizunguka, zunguka nao. Wakilia, usimwambie mtu wanalia kwa ajili ya choo. Usiwanyooshe, hawajapinda. Na siku utakapoteleza, sema hapo hapo, mbele ya kila mtu, uso ukuwake moto dakika moja. Mimi nilijiokoa na dakika hiyo, na mpaka leo nikikutana na Bi Zuhura getini namwamkia, ananiitikia, ananiulizia shangazi, ananishukuru kwa kumwulizia hali, na mimi nasimama pale, mkono kwenye geti, nasubiri aseme "ila."